Mgeni na Mwenyeji Katika Nyika ya Nyumbu

"Majani matamu kuliko yote ni yale pale," mzee aliniambia, akinyoosha fimbo kuelekea chini. "Na pale ndipo nisipopeleka ng'ombe."

Tulisimama kwenye mteremko upande wa Endulen, ndani ya Ngorongoro, mwishoni mwa Februari. Mbele yetu nyika ilienda kijani mpaka ikagusana na mbingu, na juu ya kijani hicho kulikuwa na madoa meusi yasiyo na idadi. Kwanza nilidhani ni vichaka. Kisha vichaka vikaanza kutembea. Walikuwa nyumbu, na katikati ya miguu yao walikuwamo wadogo wao, rangi ya chai ya maziwa, wengine wakiwa na siku moja tu duniani. Mimi nilishika kinywa. Mzee aliwatazama kama wakulima wa kwetu wanavyoutazama mto uliofura: unarutubisha shamba, lakini ukikukuta ndani yake haukuachi.

Kwetu ni Handeni, mkoani Tanga. Tangu 2022 familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani kwetu, pamoja na mifugo yao. Mambo mengi yamesemwa juu ya kuhama huko, kwa uchungu na kwa hasira, na sikwenda Ngorongoro kuyaamua. Mimi nilikuwa nimewatazama ng'ombe. Niliwaona siku moja barabarani, wamesimama kwenye joto letu kama watu walioshushwa kituo wasichokijua, nikatamani kuona walikotoka.

Nilifika Karatu jioni, baridi ikinipenya hadi kwenye mifupa. Mama lishe mmoja alinihurumia, akanipa loshoro, mahindi yaliyopikwa laini yakachanganywa na maziwa ya mgando, chakula kizito chenye uchachu unaokaa ulimini. Sisi tumekua na bada la muhogo na kisamvu cha nazi, na maziwa kwetu ni ya kutia kwenye chai. Huku maziwa ndiyo chakula chenyewe. Nilipomsifu, mama yule aliniambia kwamba bei yake hupanda na kushuka kwa afya ya ng'ombe wa watu wa juu. "Wakiugua, dada, hata mimi nafunga jiko."

Asubuhi nilishuka ndani ya kreta ya Ngorongoro. Nitapita haraka hapo kwa sababu wengi wamekwisha kupaeleza, ila kuna jambo moja alilosema dereva wetu ambalo limenikaa. Simba sita walikuwa wamelala karibu na barabara, wameshiba, mmoja ameinua makucha hewani kama paka wa nyumbani. "Hawa wote ni ukoo mmoja," alisema. Akaeleza kwamba mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wa kuuma walizaliana ndani ya kreta kwa wingi usio wa kawaida. Waliwashambulia simba usiku na mchana mpaka ngozi zikawa vidonda vitupu, nao simba wakashindwa kuwinda. Wakabaki kama kumi. Madume wachache wakaingia kutoka nje, na kizazi chote kilichofuata kikatokana na simba kumi na watano tu. Kuta za kreta si kizuizi kwa simba. Anaweza kupanda na kushuka. Lakini kadiri makazi na mifugo ilivyoongezeka juu ukingoni, ndivyo dume mgeni alivyozidi kupata shida ya kufika chini akiwa hai. Damu ikazunguka humo humo. Watafiti waliowafuatilia simba hao kwa miaka mingi wamesema kwamba simba wa ukoo mmoja namna hiyo huwa na kinga finyu, na ugonjwa ukimpata mmoja hupata mlango kwa wote.

Kwa hiyo nilipofika Endulen kichwani mwangu tayari kulikuwa na neno hili la mgeni na mwenyeji.

Nilimwamkia mzee kwa Kiswahili, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu kwa kwao, "Takwenya," akasubiri. Dereva alikuwa amenifundisha njiani. "Iko," nikajibu, na wanawake waliokaa mlangoni mwa boma wakacheka kwa furaha na kunisogezea kigoda. Chai ilikuja imejaa maziwa na harufu ya moshi wa kibuyu. Mke mdogo wa mzee alinikagua mikono, akaniuliza kama kwetu wanawake wanakamua. Nikamwambia kwetu tunafuga kuku zaidi, na mbuzi kidogo. Akasikitika waziwazi.

Ndipo mzee akanichukua kwenda kunionyesha nyika, akanieleza kwa nini hapeleki ng'ombe.

Nyumbu huzaa karibu wote kwa pamoja, katika wiki mbili tatu za mvua. Ndama mamia ya maelfu wanaanguka chini kwenye majani mafupi yaliyoota juu ya majivu ya volkano, majani yenye madini ya kujaza mifupa na maziwa ya mama. Wakizaliwa kwa wingi namna hiyo, fisi na simba hushiba kabla hawajawamaliza. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa, na muda si mrefu anakimbia na mama yake. Lakini huwa na kirusi. Hukipata mapema sana, kutoka kwa mama au kwa ndama wenzake, na kwa miezi mitatu hivi hukimwaga kwa makamasi na machozi kwenye majani na kwenye maji. Yeye mwenyewe haumwi. Anaruka, ananyonya, ananenepa. Ng'ombe akila majani hayo, wiki kadhaa baadaye macho yanaingia ukungu, pua inaziba, homa inapanda, na karibu kila anayeugua anakufa. Dawa yake hakuna. Ajabu nyingine ni kwamba ng'ombe mgonjwa hamwambukizi ng'ombe mwenzake. Kwake kirusi kimefika mwisho wa njia, kimekosea nyumba.

"Wazee wetu walisema ni kondo la nyuma la nyumbu," mzee aliniambia. "Wengine walisema ni manyoya ya ndama yanayopukutika. Madaktari wakaja wakasema ni makamasi. Sisi tulikosea kitu, hatukukosea msimu." Kwa vizazi na vizazi walihamisha ng'ombe kupanda milimani kabla ndama wa kwanza hajaanguka, na hawakushuka mpaka rangi ya ndama ibadilike kuwa nyeusi kama ya wakubwa.

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Nyumbu na kirusi chake wamekaa pamoja zama nyingi sana. Wale waliokufa kwacho walikufa zamani bila kuacha uzao, waliostahimili ndio waliozaa, na kirusi nacho kikapata faida ya kumwacha mwenyeji wake hai. Ng'ombe alikuja Afrika Mashariki miaka elfu chache tu iliyopita, akiongozwa na watu. Kwa hesabu ya nyika, amefika jana jioni. Ndivyo ilivyo pia kwa nyati na ndigana kali: kimelea kiko ndani ya damu ya nyati, naye yuko shwari, lakini kupe akimtoka nyati na kumuuma ndama wa ng'ombe, ndama anavimba tezi na kufa. Ndivyo ilivyo kwa ngiri na homa ya nguruwe ya Afrika. Kila mara ni kisa kilekile: mwenyeji kazoea, mgeni anazikwa.

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee aliposema juu ya bibi yake na sotoka, nikaelewa kwamba huku methali hiyo iliwahi kupinduliwa.

Sotoka, tauni ya ng'ombe, haikuwa ya huku. Iliingia pwani ya Bahari ya Shamu, Massawa, mwaka 1887, ndani ya ng'ombe walioletwa kwa meli. Ikashuka kusini kwa kasi ambayo hakuna jeshi lililowahi kuifikia, na katika miaka kama kumi ikawa imefika kwenye ncha ya bara. Hapa ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ng'ombe walikufa wengi kiasi kwamba maboma mengi yalibaki bila hata mmoja. Nyati wakafa, nyumbu wakafa, twiga wakafa. Hakuna mnyama wa huku mwenye kwato aliyekuwa amewahi kukutana na kirusi hicho, na hakuna aliyekuwa na kinga. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imetangulia, ndui ikafuata kwa binadamu, njaa ikamalizia. Wamaasai wanaziita zama hizo Emutai, kumalizika kabisa. Msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro Machi 1892. Aliandika juu ya watu waliobaki ngozi na mifupa, na wazazi waliowapa wasafiri watoto wao ili wapate kipande cha nyama.

"Bibi yangu alisema ndege wala mizoga walishiba mpaka wakashindwa kuruka," mzee aliniambia. Hakuongeza neno. Mwanzoni nilidhani anasubiri niseme kitu, kumbe alikuwa anawahesabu mbuzi waliokuwa wanarudi.

Maradhi hayo hayakuondoka baada ya Emutai. Yalikaa, yakarudi kila miaka kadhaa, na nyumbu wa mwaka mmoja wakawa wanakufa kila kinga ya mama ilipokwisha. Kisha, kituoni Muguga karibu na Nairobi, mtaalamu wa mifugo wa Kiingereza, Walter Plowright, na wenzake wakatengeneza chanjo iliyokuzwa ndani ya seli, chanjo ambayo dozi moja iliwatosha ng'ombe maisha yao yote. Ng'ombe waliozunguka Serengeti wakachanjwa. Hakuna aliyemchanja hata nyumbu mmoja, lakini baada ya 1963 sotoka haikuonekana tena kwa nyumbu. Walikuwa wanaipata kwa ng'ombe. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961 wakafika zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mgonjwa wa mwisho kabisa duniani alikuwa nyati, katika Hifadhi ya Meru nchini Kenya, mwaka 2001. Na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu baada ya ndui.

Ningependa kisa kiishie hapo. Mzee hakuniachia. "Chanjo ile ilituletea ng'ombe," alisema, "na ilituletea nyumbu." Nyumbu walipokuwa wachache, ng'ombe walishuka nyikani miezi mingi, wakala yale majani ya majivu. Nyumbu walipojaa, ndama wao wakajaza nyika nzima, na wafugaji wakalazimika kukaa milimani muda mrefu zaidi, kwenye majani marefu yenye kupe. Ndama wa ng'ombe wakaanza kufa kwa ndigana kali. Wakakimbia ugonjwa wa nyumbu wakaangukia wa nyati. Plowright huyohuyo aliyeng'oa sotoka ndiye aliyekuwa na wenzake walipokipata kirusi cha nyumbu mwaka 1960, lakini kwa hicho cha pili dawa haikupatikana.

Niliwaona ndama wenye hereni masikioni, nikauliza. Ni alama ya chanjo ya ndigana kali, nayo ina mizizi hapo hapo Muguga. Ndama hupigwa sindano yenye vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo sindano ya dawa ya kuvizuia visimzidi nguvu. Anaugua kidogo, anapona, anabaki na kinga. Bei yake si rahisi, na vifaa vyake lazima vikae kwenye baridi kali. Lakini wafugaji wa Kaskazini wameipokea kuliko watu wengi walivyotarajia. Nadhani ni kwa sababu wanaijua fikra yake tangu zamani: ndama aliyeugua kidogo utotoni na kupona ana thamani kuliko asiyewahi kuugua. Sokoni hapa mnunuzi huuliza ndama ameugua nini kabla hajauliza umri.

Mbuzi walipokuwa wameingia, mzee alinionyesha zizi lao na kusema neno moja tu, "Sotoka." Nilishtuka. Alimaanisha dada wa ile ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008, hapa hapa wilayani Ngorongoro. Mbuzi hutoka makamasi, huharisha, vidonda hujaa mdomoni, na kundi linaweza kuisha kwa wiki chache. Wako wataalamu wanaofikiri kwamba kufutwa kwa sotoka ya ng'ombe kuliifungulia njia ndugu yake huyu. Katika swala na nyumbu wa huku zimepatikana kingamwili zake bila wao kuugua, maana yake wameguswa wakanusurika. Huko Mongolia, mwaka 2016 na 2017, swala wa aina ya saiga hawakuwa na bahati hiyo, walikufa kwa maelfu. Lengo lililowekwa na mashirika ya dunia ni kuifuta kufikia 2030, kwa chanjo ambayo ipo tayari na haina bei ya kutisha. Ninaomba ifike. Nimeuona uso wa mwanamke anayeeleza namna mbuzi ishirini walivyokwisha kabla ya Pasaka, na mbuzi ndio ada ya shule.

Usiku ule nililala karibu na zizi, nikisikiliza kengele za ng'ombe na, mbali sana, mlio wa nyumbu unaofanana na vyura wa kinamasi. Nilimkumbuka mama yangu. Kila kiangazi kideri kilipita kijijini kwetu, kuku wakaanza kupinda shingo na kuzunguka, na kwa siku nne uwanja ukawa mtupu. Mama alifukia kuku, akanunua mitetea mingine kijiji cha jirani, nao mwaka uliofuata tukawafukia. Siku moja nilimwuliza kwa nini hatuwatibu. Akasema, "Ni wakati wao." Nilikasirika nikiwa mtoto, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika, si kwa mama, bali kwa kuwa chanjo ya tone moja la jichoni ilikuwepo na hakuna aliyetuambia.

Kutoka pale tulivuka Serengeti kuelekea magharibi. Nyika iliisha, migunga ikaanza, mingi yake michanga. Nilisimuliwa kwamba hata miti hii ina deni kwa chanjo ya ng'ombe: nyumbu walipoongezeka walikula majani yaliyokuwa yakiungua kila mwaka, moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Sijui kama kuna mtu kule Muguga aliyewahi kuwaza kwamba alikuwa anapanda misitu.

Penye miti mbung'o walituvamia. Vitambaa vya bluu na nyeusi vilining'inia kwenye matawi kando ya barabara, vimetiwa dawa ya kuwaua, maana mbung'o hupenda rangi hizo na huzifuata kwa bidii. Dereva alitazama blauzi yangu ya bluu iliyokoza, akanipa kanga kuukuu niifunike. Pundamilia walikuwa wanakula katikati ya wingu lile bila kuhangaika kama sisi. Kuna watafiti waliowavika farasi mavazi ya mistari, wakagundua kwamba nzi wa kuuma wanakuja karibu vilevile, ila wakifika hushindwa kutua, kana kwamba macho yao yamechanganyikiwa. Nilizoea kuambiwa mistari ni ya kumchanganya simba. Huenda adui aliyeichora alikuwa mdogo zaidi.

Tulitoka hifadhini upande wa Mugumu, na hapo kijiji kinaanza pale pale pori linapoishia. Upande mmoja wa barabara, swala. Upande wa pili, mtama. Nilikuwa nimebahatisha siku ya chanjo ya mbwa.

Sijawahi kuona mkusanyiko wa namna ile. Chini ya mwembe mbele ya shule walikuja watoto, wengi wa kiume, kila mmoja na mbwa wake kwa kamba ya katani, mnyororo wa baiskeli, kitenge kilichochanika, hata mkanda wa suruali. Mbwa walibweka, watoto wakapiga kelele kuwashinda mbwa. Bwana mifugo na vijana wawili walichoma sindano kwa mkono mwepesi. Binti mmoja aliandika vyeti.

"Jina la mbwa?"

"Simba."

Wa nne kwenye foleni alikuwa Simba, wa saba Simba, na kuna mmoja mdogo, amekonda, masikio yamekatwa na mapigano, naye Simba. Mtoto aliyemshika alikuwa na miaka kama minane. Alimfumba macho mbwa kwa kiganja chake wakati sindano inaingia, kama mama anavyomfanyia mwana.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kuanguka, kutafuna hewa. Ndani ya mwaka mmoja theluthi moja ilikuwa imekufa, simba kama elfu moja. Ilikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na macho yote yakageukia vijijini. Mbwa wa huku walikuwa wameongezeka pamoja na watu, na hawakuwa na chanjo. Baadaye ikajulikana kwamba haikuwa distempa peke yake. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame mkali. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe, simba wakala nyati wale na kuingiza damuni vimelea vya kupe kwa wingi usio wa kawaida. Distempa ilipokuja ikashusha kinga, vimelea vikainuka, na simba wakafa kwa maradhi mawili kwa pamoja. Kreta nako yalitokea hayo mwaka 2001, baada ya ukame mwingine. Nyakati nyingine distempa ilipita kwa simba hao hao bila kuua. Ukame ndio uliogeuza ugonjwa wa kupita kuwa msiba, na ukame siku hizi hautupi nafasi ya kupumua.

Bwana mifugo hakunificha kwamba kuchanja mbwa hakukuizima kabisa distempa kwa simba. Wanyama wengine wa porini nao huibeba, na utafiti wa miaka mingi umeonyesha hivyo. "Lakini kichaa," aliniambia, akifuta jasho kwa mkono wa koti, "kichaa tunakiweza." Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, kichaa cha mbwa hukosa pa kupita. Ila mbwa wa kijijini huishi miaka michache, watoto wa mbwa huzaliwa kila msimu, na mwaka mmoja ukiruka umeanza upya. Ndiyo maana amekuwa akija chini ya mwembe ule kila mwaka. Alinionyesha kovu la kung'atwa kwenye kifundo cha mkono, na kunihesabia watoto wa kata ile aliowajua kwa majina, waliokufa kwa kichaa kabla kazi hii haijashika. Aliwataja polepole. Nilizima simu niliyokuwa nikirekodia.

Kilichonishika pale ni undugu wa maradhi haya. Distempa ya mbwa, sotoka ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi, na surua ya watoto wetu, vyote ni virusi vya ukoo mmoja. Wanasayansi wanaamini surua ilitoka kwa ng'ombe, zamani, watu walipoanza kukaa wengi pamoja na mifugo yao. Bibi yangu hakuwahesabu wajukuu mpaka surua iwe imepita. Mpaka hapo alisema tu "wapo," hataji idadi. Nilimtazama yule mtoto na Simba wake, nikawaza kwamba chanjo ya surua ya mtoto na tone la damu lililo shingoni mwa mbwa wake ni kurasa za hadithi moja.

Jioni tulikula sato wa kukaanga na ugali wa mtama, kwenye nyumba ya familia iliyotukaribisha, na baba mwenye nyumba akaniuliza Tanga kuna wanyama gani. Nikamtajia Saadani, pori linalogusa bahari, ambako tembo huonekana karibu na mchanga wa pwani. Nikamwambia pia juu ya Mkwaja, iliyokuwa ranchi kubwa ya ng'ombe, ikapigana na mbung'o kwa karibu miaka hamsini, kwa dawa, kwa kufyeka vichaka, kwa kila ujanja, mpaka ikafungwa mwaka 2000, na leo ardhi yake ni sehemu ya hifadhi. Aliitikia kwa kichwa. "Mbung'o amelinda pori kuliko askari," alisema. Mkewe akamkumbusha kwamba amemzika pia shemeji yake, kwa malale.

Hapo ndipo nilipokumbuka swali ambalo mzee wa Endulen aliniuliza wakati naondoka, nami sikuweza kumjibu. Mwanawe mkubwa alikuwa amehamia Msomera na ng'ombe thelathini. Aliniuliza, "Ndigana ya kwenu ni hii yetu, au ina baba mwingine?" Kisha akauliza kama kwetu kuna mbung'o. Milimani kwao hakuna. Ng'ombe wake hawajawahi kumwona.

Nilirudi Handeni mvua za masika zikianza. Wiki ya pili nilipita njia ya Msomera, na kwenye kidaraja nikakutana na kijana anachunga. Tulisalimiana, nikamwambia nimetoka Endulen, uso wake ukafunguka. Hakuwa mwana wa mzee, ila alilijua boma. Aliniuliza habari za mvua kule, kama nyumbu wamezaa vizuri, kama majani yamewahi. Nilimjibu yote. Kisha akaniuliza jambo la huku, taratibu, kama mtu anayeona aibu kutojua: hawa nzi wanaouma mpaka damu wanakaa wapi?

Kwetu kila mtoto anajua. Nikamwonyesha msitu wa kando ya mto, nikamwambia asinyweshee pale mchana wa jua, awapeleke ng'ombe kwenye bwawa la wazi hata kama ni mbali. Nikamwambia wanafuata kinachotembea. Nikamwambia wanapenda bluu na nyeusi. Alitazama shuka lake, lilikuwa la bluu. Akalivua begani, akalikunja kuwa bonge dogo, akalitia kwapani.

Kisha akageuka kuwatazama ng'ombe wake waliokuwa wanakula kandokando ya barabara. Dume lake kubwa, lile la nundu ndefu, lilikuwa jeusi tii.

"Na huyu je, mama?" akauliza.